Wasomaji Wanauliza: Wakala wa Mpiga Picha Hupimwa kwa Kotesheni Yake

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja. Wapiga picha wanaoishi kwa kazi hiyo wanatafuta wakala wa kuwawakilisha, au wameshampata na sasa hawalali vizuri. Tumechagua nane. Hesabu tumeziandika kwa tarakimu tupu, kila mtu aweke sarafu yake. Tunayoeleza ni desturi za biashara hii, si sheria ya nchi yoyote, kwa hiyo mkataba wenyewe upitiwe na wakili wa hapo ulipo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Nimefikia kiwango cha kuwa na wakala?

*Ndugu Mhariri, nina miaka sita kwenye kazi. Napiga harusi, mikutano ya makampuni, picha za bidhaa na chochote kinachokuja. Kazi zipo, ila wateja wakubwa siwapati. Wenzangu wananiambia nitafute wakala. Nianze sasa? — Mpiga picha wa kila kitu*

Jina ulilojipa limeshatoa nusu ya jibu. Wakala anapoingia kwenye kampuni ya matangazo ana dakika chache za kueleza kwamba “huyu ndiye wa kumwita mkitaka kitu fulani”. Kama kitu hicho ni “chochote”, hana la kuuza.

Harusi ziweke pembeni kabisa. Maharusi wananunua siku moja ya kazi na albamu, bei yako wanaijua, na mapatano yanaishia hapo. Wakala hana mahali pa kuongeza thamani. Anaishi kwa kazi zenye leseni ya matumizi, yaani zile ambazo mteja analipia pia ruhusa ya kuitumia picha: matangazo, vifungashio, ripoti za makampuni, kampeni za mashirika, majalada ya vitabu. Huko picha ileile ya chupa ya juisi ina bei moja ikikaa kwenye tovuti kwa mwaka mmoja, na bei nyingine kabisa ikipanda kwenye mabango kwa miaka mitatu. Ujuzi wa wakala ni kuiuza tofauti hiyo.

Sasa piga hesabu kwa upande wake. Kama kazi zako za leseni zilikuingizia 12,000 kwa mwaka, kamisheni ya asilimia 25 ni 3,000. Kwa 3,000 hakuna mtu atakayekutafutia miadi, kukuandikia kotesheni (karatasi ya bei na masharti anayotumiwa mteja kabla ya kazi) na kufukuzia madeni yako miezi kumi na miwili. Atakusainisha, ataweka picha zako kwenye tovuti yake, basi. Ndiyo maana wakala mzuri hukataa wapiga picha wengi wenye kipaji: soko lao bado halijafika mahali pa kugawana.

Dalili kwamba umefika ni hizi. Ndani ya mwaka uliopita wateja kadhaa wamekuuliza bei ya matumizi, si bei ya siku. Kuna kazi umezikosa kwa sababu kotesheni ilichelewa au iliandikwa vibaya. Na ukitandaza picha zako 20 bora mezani, mtu asiyekujua anasema zimetoka kwa jicho moja. Kwako wewe tungeanza na hiyo ya tatu: chagua bidhaa, acha mikutano iendelee kulipa kodi ya nyumba, na kwa miezi sita piga picha za majaribio za aina moja tu.

Mawakala wawili wananitaka

*Shikamooni wahariri. Napiga picha za vyakula. Wakala mmoja ana wapiga picha zaidi ya arobaini na anajulikana sana. Wa pili ana sita tu na ofisi ndogo. Nichague yupi? — Dada wa sufuria*

Marahaba, dada. Umaarufu uweke kando kwanza, fungua orodha ya wapiga picha wa kila mmoja uhesabu ni wangapi wanapiga vyakula. Wakiwa wanne, tena kwa mwanga uleule wa dirishani unaoupenda wewe, kila simu ya chakula itagawanywa mara tano na wewe ndiye mgeni. Lakini asipokuwepo hata mmoja usifurahi haraka: inawezekana wakala huyo hawajui kabisa wanunuzi wa picha za vyakula. Hali nzuri ni mmoja au wawili wenye ladha tofauti na yako, maana mlango umeshafunguliwa na nafasi ipo.

Kisha gawanya. Wapiga picha arobaini kwa wafanyakazi wawili wanaoandika kotesheni ni ishirini kwa kila mmoja. Sita kwa mtu mmoja ni sita. Waulize waziwazi nani hasa, kwa jina, atakayeshughulikia simu zako, na huyo akiwa likizo nani anashika. Kampuni kubwa mara nyingi hukukaribisha kwa mkurugenzi, halafu kazi yako inaangukia kwa kijana aliyeajiriwa mwezi jana.

Hayo yote yanaweza kupambwa kwa maneno. Kisichopambika ni kotesheni. Mwombe kila mmoja akuonyeshe kotesheni tatu za karibuni, majina ya wateja yakiwa yamefutwa. Ukikuta imeandikwa “kupiga picha siku 2, pamoja na haki zote”, funga faili uage kwa heshima. Huyo ni tarishi, kazi yake ni kupeleka bei. Wakala anayejua kazi huandika mstari wa leseni namna hii:

*Picha 6. Tovuti na mitandao ya kijamii ya mteja, na vipeperushi vya ndani ya maduka. Nchi moja. Miezi 12 tangu siku picha ya kwanza inapochapishwa, au tangu mwezi wa tatu baada ya kukabidhiwa, lolote litakalotangulia. Mabango ya barabarani na televisheni hayamo. Bei ya kuyaongeza imewekwa chini.*

Usome taratibu. “Picha 6” inamzuia mteja kuchukua faili zote 400 ulizopiga. Vyombo vimetajwa kimoja kimoja, kwa hiyo kisichotajwa hakijauzwa. Muda una mwanzo wenye kikomo: bila yale maneno ya mwezi wa tatu, mteja anaweza kulaza picha kabatini miezi minane, azichapishe, na leseni ya mwaka mmoja ikakufunga karibu miaka miwili. Na bei ya mabango imewekwa mapema, wakati mteja bado anakuhitaji, badala ya kusubiri akuombe punguzo baadaye.

Chini ya leseni tafuta mambo mengine manne: idadi ya picha na awamu za kuhariri zilizomo kwenye bei, malipo ya muda wa ziada siku ikirefuka, advansi ya gharama kabla ya siku ya kazi, na masharti ya kuahirisha. Mpangilio unaoonekana mara kwa mara ni kwamba kazi ikivunjwa siku mbili kabla, mteja analipa ada yote na gharama zilizokwisha kutumika; ikivunjwa mapema zaidi, analipa nusu ya ada na gharama hizo. Kotesheni isiyotaja kuahirisha inakuachia wewe deni la studio.

Mwisho ongea na wapiga picha watatu wa kila wakala: aliyejiunga karibuni, aliyekaa muda mrefu kuliko wote, na aliyeondoka. Wa tatu wakala hatakupa, mtafute mwenyewe kwa kulinganisha orodha ya sasa na kurasa za zamani. Usimuulize kama wakala ni mzuri, kwa sababu adabu itamfanya aseme ndiyo. Muulize malipo yake ya mwisho yalifika baada ya siku ngapi. Aliyepo muulize ni lini mara ya mwisho wakala alimshauri akatae kazi, na kwa nini. Kama hajawahi kushauriwa hivyo, wakala huyo anafukuza kamisheni tu, hata kwa kazi itakayokushusha bei.

Asilimia 30 dhidi ya 25

*Mmoja anataka asilimia 30, mwingine 25. Nadhani jibu ni rahisi, au nimekosea? — Hesabu za darasa la nne*

Umekosea, na kosa hili limewagharimu wengi. Swali la kwanza ni asilimia ya *nini*. Kwenye kazi za kuagizwa, 25 ndiyo iliyozoeleka zaidi, ingawa 20 na 30 zipo. Tazama kotesheni hii ya tangazo la siku mbili: ada ya mpiga picha 8,000 na leseni 6,000. Kisha gharama: wasaidizi 1,600, mpambaji 1,400, studio 2,500, wanamitindo 3,200, taa za kukodi 1,300, chakula na usafiri 1,000. Gharama zinafika 11,000 na jumla ya kotesheni ni 25,000.

Wakala wa 30 anachukua asilimia yake kwenye ada na leseni peke yake, yaani kwenye 14,000. Anapata 4,200, wewe unabaki na 9,800. Wakala wa 25 mkataba wake unasema “asilimia 25 ya thamani ya ankara”. Ankara ni 25,000, anapata 6,250, wewe unabaki na 7,750. Yule wa “bei rahisi” amekula 2,050 zaidi, tena kwa kukata kamisheni kwenye pesa ya mpambaji na kodi ya studio ambazo wewe hukuziona hata kwa macho. Kadiri kazi inavyokuwa na wanamitindo wengi na safari ndefu, ndivyo pengo linavyopanuka, na kuna kazi zenye gharama nyingi zinazoweza kukurudisha nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo mkataba useme kamisheni inahesabiwa kwenye ada na leseni, kabla ya kodi, na baada ya mteja kulipa. “Baada ya mteja kulipa” ni maneno ya lazima. Mteja akifilisika na ankara mkononi, wakala asije kudai asilimia ya pesa ambayo hakuna aliyeiona.

Kuna vitu vitatu vinavyoleta ugomvi kwa sababu vinakaa katikati ya ada na gharama. Kamera na lenzi zako zikiingizwa kwenye kotesheni kama vifaa vya kukodi, hiyo ni gharama inayolipwa kwako, haikatwi. Siku za safari na maandalizi ni ada ya muda wako, kwa kawaida hukatwa. Kuhariri picha ndiko kugumu: ukimpa fundi mwingine ni gharama, ukifanya mwenyewe usiku kucha wakala anaweza kuita ada. Maoni yetu ni kwamba kusikatwe, maana wakala hakuifanya kazi hiyo wala hakuitafuta. Lakini la muhimu ni liandikwe, vyovyote mtakavyokubaliana.

Wateja wangu wa zamani

*Nina wateja wanne wanaonipa kazi kila mwaka. Wakala anasema akishanisaini, kila kazi inapita kwake, hata yao. Ni haki? — Niliyewatafuta kwa jasho*

Kila kazi kupita kwake si jambo baya lenyewe. Mteja akipokea kotesheni kutoka kwako leo na kutoka kwa wakala kesho, bei zitagongana na wote wawili mtaonekana wababaishaji. Suala ni kamisheni. Kwa wateja uliokuja nao kuna njia tatu zinazotumika: hakuna kamisheni na unawahudumia mwenyewe; kamisheni ndogo, tuseme 10 au 15, wakala akiandika kotesheni na kufuatilia malipo; au wanabaki wako kwa mwaka mmoja au miwili kisha wanaingia kwenye kamisheni kamili. Ya pili mara nyingi ndiyo nzuri, hasa kama hujawahi kuwapandishia bei wateja hao. Wakala akimpandisha mteja wa zamani kutoka 4,000 hadi 5,500, ukatoa asilimia 15 ambayo ni 825, unabaki na 4,675. Bado umetoka mbele.

Mitego iko kwenye neno “mteja”. Tuseme umekuwa ukikipigia picha kiwanda cha sabuni kupitia kampuni fulani ya matangazo. Mwakani kiwanda kinahamia kampuni nyingine ya matangazo, wanakuita tena. Mteja wako wa zamani ni nani, kiwanda au kampuni? Na mkurugenzi wa sanaa aliyekuwa akikuita akihamia kwingine na kukuita kutoka huko, huyo ni wako au wa wakala? Majibu yote yanatetewa, ndiyo maana yanagombaniwa. Tengeneza kiambatisho chenye jina la mwenye bidhaa, jina la kampuni ya matangazo, idara, na tarehe ya ankara ya mwisho. Kisha ongeza sentensi moja: mteja anahesabiwa kwa jina la bidhaa, au kwa jina la kampuni, chagueni moja. Ukichagua bidhaa, kiwanda cha sabuni ni chako popote kitakapohamia, lakini kazi nyingine za kampuni ileile ya matangazo ni za wakala. Tunaona hilo ndilo chaguo la haki zaidi.

Na uwe mkweli kwenye orodha. Kuna wanaojaza majina thelathini ya watu waliobadilishana nao kadi kwenye hafla. Wakala anayejua kazi atakuomba ankara ya kila jina, na hapo uhusiano unaanza na aibu.

Ada ya kujiunga

*Wakala anataka 1,500 za kujiunga, anasema ni za kuniweka kwenye kitabu chake cha wapiga picha. Nilipe? — Mwenye haraka*

Usilipe. Wakala anakula pale mpiga picha anapokula. Anayekula mlangoni hana sababu ya kukutafutia kazi, kwa kuwa ameshalipwa, na kesho atamtafuta mwingine wa 1,500.

Usichanganye hilo na gharama za kujitangaza, ambazo kugawana ni jambo la kawaida: kuchapa potifolio (kitabu cha picha zako bora), kusafiri kwenda kuonyesha kazi, matangazo ya pamoja. Mgawanyo wa haki hufuata kamisheni. Akichukua 25 ya mapato, abebe 25 ya gharama na wewe 75. Weka kikomo cha mwaka na useme hakuna gharama bila idhini yako ya maandishi na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gharama za kujitangaza ndizo zinazopotea kwanza.

Wakala na kampuni ya hifadhi ya picha ni kitu kimoja?

*Nimepakia picha zangu kwenye tovuti inayouza picha zilizokwisha pigwa. Je, hao ndio mawakala wangu? — Wa intaneti*

Hapana. Hao wanauza faili zilizopo kwa mtu yeyote na kukugawia sehemu ya mauzo; mgawo wa nusu kwa nusu ulikuwa wa kawaida zamani, na kwenye tovuti za bei ya chini unashuka mbali chini ya hapo. Wakala anauza *kazi ambayo bado haijapigwa*, pamoja na wewe mwenyewe. Nyumba ya maonyesho ya sanaa nayo ni kitu cha tatu: inauza chapa za ukutani, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi, na mara nyingi huchukua nusu. Tena kuna ushirika wa wapiga picha wenyewe, na mfano maarufu ni Magnum, iliyoanzishwa mwaka 1947 na Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger, David Seymour na wenzao, wakitaka hakimiliki ibaki mikononi mwa aliyepiga picha. Ushirika hauombwi kama anavyoombwa wakala. Wanachama ndio wanaokuchagua.

Unaweza kuwa na wote hao kwa pamoja mradi mkataba wa wakala useme wazi upekee wake unahusu nini: matangazo tu, au na magazeti pia? Nchi moja, au kila mahali? Upekee usio na mipaka utakufunga hata kuuza chapa moja kwa jirani. Na jihadhari na jambo hili: picha iliyowahi kuuzwa rahisi kwenye tovuti ya hifadhi haiwezi tena kuuzwa kwa leseni ya peke yake. Mteja akilipia upekee kisha aikute kwenye kipeperushi cha mshindani wake, anayedaiwa ni wewe. Kabla ya kusaini, toa huko picha zote unazotaka wakala aziuze, na umpe orodha ya zilizokwisha kuuzwa.

Naandikaje barua ya kwanza?

*Nimewatumia mawakala kumi na wawili barua pepe na hakuna aliyejibu. Niliambatisha picha 35 na wasifu wangu wa kurasa mbili. — Nimekata tamaa*

Hazikusomwa. Barua nzito huenda ilizuiwa hata kabla ya kufika. Na mawakala kumi na wawili kwa barua moja ina maana hukuchagua hata mmoja. Punguza wawe wanne, kila mmoja apate barua yake, bila kiambatisho, na kiungo kimoja cha ukurasa wenye picha 15 hadi 20. Urefu uwe huu, usizidi:

*Habari za kazi. Mimi hupiga picha za vinywaji na vioo, na mwaka huu nimefanya kampeni mbili za vinywaji baridi, zote kwa leseni ya mwaka mmoja. Kwenye orodha yenu nimeona watatu wanaopiga vyakula lakini hakuna anayepiga vimiminika. Picha 18 ziko hapa. Napatikana kuja kuonyesha chapa siku mtakayopenda. Asante.*

Sentensi ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Inamwambia wakala umesoma orodha yake na umeona pengo ambalo pesa yake inapita. Leseni imetajwa ili ajue unauza matumizi, huuzi siku. Ukikaa wiki tatu bila jibu, tuma picha mbili mpya na mstari mmoja. Baada ya hapo nyamaza miezi mitatu, kisha urudi na kazi mpya. Kuuliza “mmeona barua yangu?” hakuongezi kitu.

Mkikutana, angalia naye anakuuliza nini. Wakala ambaye saa nzima hajauliza bei unazotoza, wala aliyekukataa mara ya mwisho alisema nini, anakusanya majina.

Nataka kuondoka, na pesa zangu ziko kwake

*Miaka miwili na wakala, kazi zimepungua na malipo yanachelewa hadi miezi mitatu baada ya mteja kulipa. Mkataba unasema nikiondoka nitaendelea kumpa kamisheni ya kazi zangu zote kwa miaka miwili. Nifanye nini? — Aliyechoka*

Kamisheni baada ya kuachana si uonevu yenyewe. Wakala anaweza kuwa amepanda mbegu mwezi Machi, ikaota Agosti wakati wewe umeshaondoka. Ila miaka miwili kwa kazi *zote* ni mingi mno. Kilichozoeleka ni miezi mitatu hadi sita kulingana na urefu mliofanya kazi pamoja, na ni kwa wateja aliowaleta yeye peke yao. Jadili. Mpendekezee miezi sita kwa orodha ya wateja yenye majina. Wakala wengi hukubali kuliko kuendelea kumwakilisha mtu aliyenuna. Usisahau leseni zinazohuishwa: picha aliyouza yeye mwaka jana ikiongezewa muda mwaka kesho, mkubaliane kama anapata mgao, na uhuishaji wa kwanza tu ni mpaka wa busara.

Kwa kuchelewa kwa malipo, uko kwenye msimamo imara zaidi kuliko unavyodhani. Pesa ya mteja inayopita kwa wakala si mapato yake, ukiondoa kamisheni. Inapaswa kukaa kwenye akaunti tofauti na ya kuendeshea ofisi, na ikufikie ndani ya siku 7 hadi 14 pamoja na nakala ya ankara na uthibitisho wa benki. Miezi mitatu mara nyingi maana yake ni kwamba anatumia pesa yako kulipa mpiga picha mwingine, na siku kazi zikikauka, wa mwisho kwenye foleni hapati. Kwa mkataba wako ujao geuza mtiririko: ankara utoe wewe, mteja akulipe wewe, na wakala akutumie ankara ya kamisheni. Mawakala wengine hukataa kwa sababu nao wameshawahi kutoroshewa kamisheni, na hiyo ni hoja halali. Basi mteja apokee ankara mbili, kila mmoja alipwe chake.

Utaratibu wa kuondoka sasa. Angalia siku za notisi, kwa kawaida 30 hadi 90, na uandike barua yenye tarehe, usiseme kwa simu. Kabla ya kuituma, omba taarifa ya hesabu ya mwaka mzima kwa lugha ya kawaida, kama jambo la kodi. Ukiiomba baada ya notisi itachelewa kwa makusudi. Linganisha kila ankara na ulichopokea. Kisha kwenye barua ya notisi weka orodha moja yenye safu nne: ankara ambazo mteja amelipa na wewe hujalipwa, ankara ambazo mteja hajalipa, kotesheni zilizotumwa na hazijajibiwa, na leseni zinazoisha ndani ya miezi 12 zijazo. Mwombe aisaini. Dai pia chapa za potifolio, faili kubwa alizonazo, na picha zako ziondolewe kwenye tovuti yake siku ya mwisho ya notisi. Kama amewahi kupewa mamlaka ya kusaini kwa niaba yako, yafute kwa barua tofauti na uwatumie nakala wateja wote walio kwenye ile safu ya tatu, siku hiyohiyo.